Mtoto Aliyefelishwa Nyuma ya Pazia

Mtoto yule nilimpiga mara tatu kabla sijajua kwamba hasikii. Nalisema hili mwanzo kwa sababu nina watu wa kuwalaumu, na sitaki ionekane kwamba nilijitoa kwenye orodha.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimeachwa na mume, nimerudi Mkomani kwa shangazi yangu, aliyekuwa na chuo cha kusomesha Qur'ani watoto wa kike katika ukumbi wa nyumba yake. Watoto walikuwa ishirini na kitu, wamekaa kwenye mikeka, wadogo na vibao vyao vya kuandikia, wakubwa na misahafu. Shangazi miguu ilikuwa imemchoka. Alikaa kitandani mwake penye kona akisikiliza, na mimi ndiye niliyezunguka na ufito.

Mtoto mwenyewe alitoka Matondoni. Baba yake alikuwa kalafati, kazi yake kuziba nafasi za mbao za mashua kwa pamba na mafuta, na alimleta mjini akae kwa dada yake, jirani yetu, ili asome. Alikuwa na umri wa miaka kumi na yuko nasi mwaka wa pili, bado kwenye herufi. Wenzake aliokuja nao walikuwa wamefika mbali. Jambo la ajabu ni kwamba mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote. Ukimwandikia mstari juu ya kibao, aliunakili chini yake kama ulivyo, nukta kwa nukta. Ukimwambia asome alichoandika, alinyamaza, au alitoa sauti nzito isiyo na herufi ndani yake.

"Mkono una akili, kitwa hakina," shangazi alikuwa akisema.

Mimi nilisema ni kiburi. Nikimwita haitiki. Nikimfokea, hanitazami machoni, ananitazama mdomo. Niliona ni utovu wa adabu, nikampiga viganja kwa ufito. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alianza kutoa mikono mwenyewe nilipomkaribia, na hata hapo sikujiuliza kitu.

Asubuhi moja msichana wa kazi alikuwa akishuka ngazi na sinia la shaba lenye vikombe, akateleza. Sinia lilishuka ngazi zote mpaka chini. Watoto waliruka, mmoja mdogo akaangua kilio, shangazi akataja jina la Mungu. Mtoto wa Matondoni alikuwa ameipa ngazi mgongo, anaandika. Hakuinua kichwa. Kalamu yake ilimaliza tumbo la nuni, ikaweka nukta, ikaenda herufi ya pili.

Nilikwenda nikasimama nyuma yake nikamwita jina. Nikamwita tena, kwa nguvu. Nikapiga makofi. Hakugeuka, mpaka kivuli changu kilipoanguka juu ya kibao. Hapo akaziba kichwa kwa mikono miwili, akingoja ufito.

Siku ile ile nilimchukua mimi na shangazi yake, yule jirani yetu, mpaka hospitali. Aliyetupokea alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, kijana Mkristo wa kutoka bara ambaye hakuwa na miezi mingi pale. Alimulika masikio kwa tochi, la kushoto kisha la kulia.

"Mama, huyu masikio yametoka usaha miaka mingi," aliniambia. "La kushoto limeharibika kabisa. La kulia limebaki kidogo. Aliwahi kuugua surua?"

"Akiwa wa miaka mitano," shangazi yake akajibu. "Alikuwa karibu kufa."

"Na tangu wakati huo hakuna aliyeona kwamba hasikii?"

Alituuliza taratibu, bila kutudharau, na labda ndiyo sababu swali lile liliniunguza. Mtu asiyejua hata herufi moja ya Qur'ani, kwa robo saa tu, ameuliza neno ambalo sisi walimu hatukuliuliza kwa karibu miaka miwili. Alitupa dawa ya matone, akasema usikivu hautarudi, ila tukae mbele yake, upande wa kulia, tuseme polepole aone mdomo.

Basi nikaanza upya. Kila siku baada ya adhuhuri, watoto wakishakwenda zao, nilikaa naye uso kwa uso penye mwanga wa kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba. Nilidhani mdomo utatosha, haukutosha. Ba na mimu kwa mdomo ni kitu kimoja. Ikabidi nichukue kidole chake nikiweke kwenye pua yangu: mimu inatetemesha pua, ba haitetemeshi. Ha nilimpulizia kiganjani. Kha nilimpa koo langu alishike, asikie inavyokwaruza, na ghaini inavyoguruma, na aini inavyojibana huko ndani. Kisha alishika koo lake mwenyewe akajaribu. Siku ya kwanza alipoipata aini sawasawa aliniangalia kwa mashaka, kama anayengoja nimwambie amekosea. Nilimwambia amepata. Alirudia mpaka sauti ikamkauka.

Ilichukua miezi minane, kutoka alifu mpaka mwisho wa Juzuu Amma, kwa moyo. Sauti yake haikuwa na lahani. Ilikuwa nene na imenyooka, na hakujua kuipima, ikitoka kubwa mno au ndogo mno. Lakini kila herufi ilikaa mahali pake. Siku moja shangazi alikuwa amelala kule kitandani, akauliza, "Nani huyo asomao?" Nikamwambia.

"Na mimi ndimi niliyesema hana kitwa," akasema.

Mwaka ule kamati ya mjini ilikuwa imefungua madrasa mpya, yenye madarasa, madawati na mbao nyeusi, na kwa mara ya kwanza itakuwa na upande wa wasichana. Vyuo vidogo kama chetu viliambiwa vilete wanafunzi wafanyiwe mtihani. Tukachagua kumi na wawili, na mtoto wa Matondoni mmoja wao. Mwenye kutahini alikuwa maalim mkubwa, mtu mcha Mungu kweli, sitamsingizia. Kwa kuwa ni wasichana na wengine wanakaribia kubaleghe, alikaa nyuma ya pazia na karani wake. Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: yeye anasoma mwanzo wa aya, mwanafunzi anaendelea.

Mnaona wenyewe. Mimi niliona pale pale niliposimama.

Wanne wa kwanza walipita. Alipoitwa wa tano, maalim akasoma mwanzo wa aya, na mtoto wangu akasimama akilitazama pazia. Maalim akarudia. Mtoto akanigeukia, akasema kwa sauti kubwa iliyojaa chumba, "Nimekosea?"

Nikasema, "Maalim, huyu mtoto hasikii. Nipe ruhusa nimwonyeshe kwa mdomo unapoanzia, kisha ataendelea mwenyewe."

"Ukimtilia maneno mdomoni utakuwa umesoma wewe, Bi."

"Simtilii. Ni mwanzo tu ule uliousoma."

"Wenzake hakuna aliyewaonyesha."

"Wenzake wanasikia."

Karani alikohoa. Maalim alipojibu, alijibu kwa upole, na upole ule mpaka yeo sijausamehe. "Bi, mwenye udhuru amesamehewa. Mtoto huyu hana dhambi yoyote. Na akae nyumbani kwao, Mungu hakumkalifisha."

"Sikusema ana dhambi. Nimesema anajua kusoma."

"Mwanafunzi wa sita," akasema.

Nikamgeukia mtoto nikamwambia kwa midomo, "Soma." Akasoma. Alianza sura ya kwanza ya juzuu ile, sauti yake nene ikienda aya baada ya aya, mikono kifuani. Na nyuma ya pazia maalim akasoma mwanzo wa aya nyingine kwa ajili ya mwanafunzi wa sita, na wa sita, maskini, naye akaanza, kwa kuwa ameamrishwa. Wakasoma wawili kwa pamoja, sura mbili tofauti. Nikamshika mkono mtoto wangu, akanyamaza. Hakujua kwamba mwenzake alikuwa akisoma. Alidhani amemaliza vizuri.

Orodha ilipobandikwa mlangoni mwa madrasa ilikuwa na majina kumi na moja ya chuo chetu. Watu walikuja kumpa shangazi mkono wa pongezi. Nilimtaka aende kwa kamati, akakataa.

"Nikiteta, kamati itawatia mato hawa kumi na mmoja, wawatafutie makosa," aliniambia. "Mmoja nimsemee, kumi na mmoja niwaharibie?"

Nilimjibu vibaya. Hatukusemezana siku tatu katika nyumba moja. Mpaka sasa sijui kama alikosea hesabu, lakini najua kwamba shangazi hakustahili kuwekwa kwenye hesabu ile, na waliomuweka walikwenda kuswali alasiri kama kawaida.

Wiki iliyofuata baba yake mtoto akaja kumchukua. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Wamenambia amesamehewa," alisema. "Basi, Bi. Tumeshukuru."

"Umepata kumsikia akisoma?" nikamuuliza.

"Sijamsikia."

"Kaa kitako."

Alikaa kwenye baraza ya ndani. Nikamwambia mtoto asome, akasoma sura tatu fupi, moja baada ya nyingine. Yule bwana aliinamia magoti yake. Alikuwa mtu wa kazi, viganja vimejaa mafuta ya mashua, na yeye mwenyewe alijua sura za kuswalia tu. Mtoto alipomaliza, baba alikaa vile vile.

"Mimi simrudishi mjini kuchekwa," alisema mwisho. "Lakini ukiweza kuya Matondoni, Bi, nyumba ni yako."

Nikawa naenda. Chuo hufungwa Alhamisi mchana, hurudi Jumamosi. Kila Alhamisi nilipanda punda wa mtu wa Matondoni aliyeleta makuti mjini, tukashika ndia ya mashambani, nikarudi Ijumaa jioni. Maneno yalisemwa: mwanamke aliyeachwa, anakwenda wapi kila Alhamisi. Sikuyajibu. Tulisoma hivyo miaka miwili na nusu, juzuu kwa juzuu, na nyundo za makalafati zikigonga nje bila kumsumbua. Akahitimu msahafu mzima. Baba yake alichinja mbuzi, shangazi akaletwa kwa mashua kwa sababu ya miguu, na mtoto akasoma mbele ya wanawake wa Matondoni waliozoea kumwita bubu. Waliokuwa wakimwita hivyo walikula pilau kama wengine.

Nilimwandikia maalim barua kumwarifu. Jibu lililetwa kwa mdomo na karani: maalim anamshukuru Mungu, na anasema tangu siku ile alijua kwamba mtoto yule ana baraka.

Nilikaa nikimtazama karani, maana sikuamini. Kama alijua, aliandika nini kwenye daftari la mtihani?

"Mwambie hivi," nikasema. "Nimewapima watoto wote wa chuo chetu kwa kuwaita nyuma ya migongo. Nimepata wengine wawili masikio yao hayafai. Mmoja atakuya kwenye mtihani mwaka huu. Nataka kujua atamtahini vipi."

Karani alikwenda. Mwaka ule, siku ya mtihani, tulikuta pazia lipo, lakini mbele yake pamewekwa mkeka wa mwanamke mmoja mtu mzima, wa kurudia mwanzo wa aya kwa mwanafunzi yeyote atakayehitaji. Hakuna aliyetangaza sababu. Mtoto wetu yule mwenye masikio mabovu alirudiwa, akaendelea, akaandikwa.

Nilikwenda kwa karani nikamwomba yule wa Matondoni naye atahiniwe tena. Akafungua daftari, akahesabu miaka kwa vidole, akaniambia amepita umri wa kuingia. Nikarudi nyumbani nikafungasha msahafu na kitambaa cha shela nilichomnunulia, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Alhamisi, nami sikuwa nimeacha kwenda Matondoni.