Mguu Mzima Ulipougua

Kuhesabu alijua, ila kwa namna yake. Anakwambia, "Inua mguu mara kumi tu, mwanangu," nawe unainua ukijua mwisho uko karibu. Ukifika nane, anakwama hapo hapo: nane, nane, nane tena, huku anakutazama usoni kama mtu asiye na kosa. Ndiyo maana chuo kizima tulimwita Mama Nane, naye aliitika.

Kazi yake ilikuwa kurudisha nguvu kwenye miguu ya wanamichezo walioumia. Chumba chake, nyuma ya ukumbi wa michezo, zamani kilikuwa stoo ya madawati. Kilikuwa na kitanda kimoja chenye ngozi iliyochanika na kuzibwa kwa plasta, mifuko ya mchanga aliyoishona mwenyewe, na harufu ya dawa ya kuchua iliyokufuata hadi darasani. Hata nyumbani hakuwa na likizo. Mumewe, fundi saa mstaafu, hakupewa chai ya asubuhi mpaka ainuke kitini mara kumi bila kushika popote. "Mpira sijacheza hata siku moja," mzee alitulalamikia, "lakini adhabu napata."

Mimi nilipelekwa kwake mwaka wangu wa mwisho, baada ya kupasuliwa goti la kushoto. Nilicheza mpira wa wavu, na kwa urefu wangu wenzangu waliniita Ngazi. Paja lilikuwa limenywea hadi nikaona aibu kuvaa kaptula. Fainali ya vyuo, ambayo timu yetu ilikuwa imeshafuzu, ilikuwa miezi saba mbele, ya kwanza kwangu na ya mwisho, na bila sahihi ya Mama Nane kocha asingenipanga.

Sheria yake ilikuwa moja. Alikufunga mkanda kwenye kifundo cha mguu, akauunganisha na mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama, ambayo aliifunga chini ya kitanda. Unakaa ukingoni, unanyoosha goti kwa nguvu zako zote, naye anasoma kilo. Mguu mbovu ukifikia sehemu tisa kati ya kumi za nguvu za mguu mzima, anasaini. Usipofikia, hata ulie machozi ya damu.

Na kweli nililia. Yeye alinifuta jasho kwa leso yake, akanitania. "Huu si mguu, ni mpini wa mwavuli. Lakini juzi ulikuwa kijiti. Tunakwenda."

Wiki ya fainali ikafika. Mguu wa kulia ulikuwa ukivuta kilo arobaini, wa kushoto thelathini na moja. Nilijua wote walionitangulia walijaribu kuupandishia kilo mguu mbovu, kwa kujirusha nyuma au kushtua mkanda, na wote aliwakamata. Basi mimi nikaamua kuushushia ule mzima. Nilivuta nusu nusu huku nimekunja uso kama mtu anayesukuma gari. Thelathini na tatu! Kwa hesabu hiyo, thelathini na moja za kushoto zilitosha. Moyoni nikajipigia makofi.

Mama Nane akafungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa mbili. Kisha akaligusa paja langu la kulia kwa upole.

"Pole, mwanangu. Na huu mzima umeanza kuugua lini?"

"Nimechoka tu, Mama."

"Uchovu gani huu unaochagua mguu?"

Alicheka mpaka akakalia mifuko ya mchanga. "Miaka ishirini na miwili watu wananidanganya kwa mguu mbovu. Wa kunidanganya kwa mguu mzima ni wewe wa kwanza!" Halafu kicheko kikakatika. "Sisaini, Ngazi."

"Mama, sina fainali nyingine."

"Najua. Inaniuma kuliko unavyodhani. Lakini ukiruka ukatua kwa mguu huo, goti litakwisha kabisa, na mkono uliokuruhusu utakuwa wangu."

Nikabamiza mlango. Siku tano sikumsalimia. Mtu mzima aliyenifunga kamba za viatu nilipokuwa siwezi kuinama, nilimpita kama nguzo ya umeme. Nasema wazi, mpaka leo naona haya.

Fainali ilichezwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wetu, upande wa pili wa ukuta wa chumba kile. Kukaa na wenzangu nikiwatazama sikuweza. Nikaenda chumbani kwake nikijua hakuna mtu, nikalie huko nimalize. Nikamkuta anaandaa mkanda wa mizani, kitanda kimetandikwa. Huyu ni mama ambaye hakuwahi kukosa fainali hata moja, mwenye kiti chake mwenyewe kando ya wachezaji.

"Mama, mechi imeanza."

"Nasikia. Mimi si kiziwi."

"Na kiti chako?"

"Nimemwachia mzee, na ndoo ya barafu. Leo ni siku yako kwenye ratiba. Ulitaka nikapige vigelegele kule, wewe ulie peke yako huku?"

Nikakaa kitandani, nikamwomba msamaha. Akaketi karibu yangu, bega kwa bega. Ukutani zikapita shangwe kubwa, hatukujua ni zetu au zao. Nilipogeuka, nilimkuta ameegemeza sikio ukutani, macho yamejaa machozi, akijaribu kutambua kwa kelele ni nani aliyepata pointi.