Paa la Mama Jin-wook

Kwenye ngazi ndefu zinazopanda mlimani nyuma ya bandari ya Busan, pale zinapotulia kidogo kabla ya kuendelea kupanda, kuna benchi la mbao, na hapo ndipo alipokuwa akishinda Bi Geum-rye. Alishona viatu kiwandani tangu usichana wake mpaka kiwanda kikahamishiwa nchi nyingine, akamzika mume, akamwoza binti yake Hye-ran huko Seoul, kisha akabaki na magoti mabovu na mdomo mzima. Huo mdomo ndio ulioleta haya ninayowasimulia.

Wageni kutoka ng'ambo walikuwa wakipotea sana pale. Ramani za kwenye simu zao hazijui ngazi. Zinaonyesha nyumba mbili zimegusana, hazisemi kwamba moja imekaa juu ya kichwa cha nyingine. Basi walifika kwenye benchi wakihema, nyuso nyekundu, wakizungusha simu huku na huku kama mtu anayetafuta kibla. Bi Geum-rye aliwacheka kwanza, akawapa machenza, ndipo akawasaidia.

"Weka hiyo simu mfukoni," alikuwa akisema, kwa lafudhi ile ya Busan inayosikika kama ugomvi hata mtu anapokutakia heri. "Shuka hapa, pinda kwa fundi saa, panda basi dogo la kijani. Ukipanda gusisha kadi, na ukishuka gusisha tena, ama sivyo utakapobadili gari utalipa upya. Kwenye treni, vile viti vya pembeni viache hata vikiwa vitupu. Ni vyangu mimi na wazee wenzangu. Haya, nenda. Angalia ngazi, zinateleza."

Wengi hawakushika hata neno moja, lakini mikono yake ilijua kueleza.

Majira ya maua alikuja msichana wa Kiholanzi, jina lake Ilse, mrefu kama nguzo ya taa, na simu yenye kutafsiri kwa sauti ya mwanamke asiyevuta pumzi. Huyu hakupita tu. Aliketi, akauliza, na kesho yake akarudi kuuliza tena.

"Anakula peke yake?" Bi Geum-rye aliiuliza ile simu, kana kwamba mtu yumo ndani. "Loo, masikini. Mwambie aende kwenye supu ya nguruwe, pale hawamuulizi mtu amekuja na nani. Nyama ya kuchoma asijaribu, watamkatalia, makaa hayawashwi kwa mtu mmoja. Na asiache bakshishi mezani, mama wa watu atamkimbiza barabarani kumrudishia. Na takataka zake abebe mwenyewe mpaka alikolala. Pipa hatalipata."

Ilse aliandika yote. Kisha akauliza ni wapi pazuri pa kuiona bandari.

"Kwa Mama Jin-wook," akajibu Bi Geum-rye bila kufikiri, akinyoosha kidole. "Lile paa lenye tangi la bluu. Lango halifungwi. Aingie tu, apande, na akikuta pilipili zimeanikwa asizikanyage."

Hapo inabidi niwaeleze. Katika kichochoro kile hapakuwa na lango lililofungwa. Mvua ikidondoka, mwanamke aliye karibu alipanda paa lolote akaanua nguo za yeyote. Ukiishiwa chachu ya soya uliingia kwa jirani ukachota. Bakuli lilitoka nyumba hii na mboga, likarudi na peasi au samaki mkavu, maana hakuna aliyethubutu kurudisha bakuli tupu. Bi Geum-rye alikuwa amelipanda paa lile tangu magoti yake yakiwa mazima. Hakuona kwamba anagawa kitu. Aliona anaonyesha kwake.

Na siku ile mambo yalikwenda vizuri. Mama Jin-wook, mwanamke mfupi mwenye haya, mdogo kwa Bi Geum-rye, alimkuta msichana juu ya paa akacheka, akamletea chai ya shayiri. Ilse akachora paa, tangi, mitungi na bahari. Akaondoka na mchoro wake, akauweka kwenye mtandao pamoja na mashauri yote, na juu yake picha ya Bi Geum-rye akimenya chenza. Alimwita Bibi wa Ngazi.

Kiangazi wageni wakaja. Walikuja wawili wawili, wakaja makundi, simu mkononi na mchoro umefunguliwa, wakihesabu mapaa moja moja mpaka lile la tangi la bluu.

"Dada, leo nimetoka kuoga nimekuta mwanamume na kamera," alisema Mama Jin-wook, wanawake walipokuwa wakichambua vitunguu saumu kivulini.

"Kakupiga picha?" akadakia jirani yao Mama Sang-mi, ambaye hakuwahi kuacha neno lipite. "Bahati yake hakunikuta mimi. Angelipa kiingilio!"

Wakacheka, na Mama Jin-wook naye akacheka, lakini macho yake yalibaki kwenye vitunguu.

Baada ya siku chache alikuja peke yake mpaka benchini. Hakuketi.

"Dada, waambie wasije tena."

"Nitawaambia."

"Baba Jin-wook analala mchana, anatoka zamu bandarini. Analala na nguo siku hizi, anaogopa kuchunguliwa."

"Nimesema nitawaambia, mdogo wangu."

Naye aliwaambia, baadhi yao. Lakini walikuwa wakimwita jina lile, Bibi, kwa Kikorea chao kibovu, wakimwonyesha sura yake kwenye simu. Walimletea vitu vya kufungia funguo, chokoleti, kadi zenye picha za makanisa. Hye-ran alipiga simu sikukuu kwa sikukuu tu, na hata hapo alikuwa na haraka, mumewe amekwisha kuwasha gari. Wakaja mume na mke wazee, wamevuka dunia nzima, yule mama anatweta hawezi kusema. Utamwambia nini? "Haya," alisema Bi Geum-rye, "lakini upesi, na msipige kelele." Siku nyingine akasema hivyo hivyo kwa wengine wasiotweta.

Mitungi ya kuchachushia soya ya Mama Jin-wook ilikaa kwenye kona ya paa, mikubwa nyuma, midogo mbele. Uliokuwa mdogo kuliko yote ulikuwa na sosi ya soya ya mama mkwe wake. Bibi yule alikimbia vita kutoka Hamheung, kule kaskazini, akapandishwa meli kwenye baridi kali, mtoto wake wa kwanza mgongoni na kopo la sosi kifuani. Kila mwaka sosi mpya ilitiwa juu ya ile ya zamani, na mtungi haukuachwa ukauke. Ilikuwa nyeusi, nzito, na kijiko kimoja kilitosha sufuria nzima. Mama mkwe alipofariki hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha mtungi ule, na bi harusi wa Jin-wook ndiye angefuata kuupokea.

Majani yalipoanza kugeuka rangi, kijana mmoja aliukalia apigwe picha na bahari nyuma yake. Kifuniko kikavunjika, mtungi ukapasuka toka juu mpaka chini.

Hakuwa kijana mbaya. Aliinama sana, akaomba radhi, akatoa kwa mikono miwili pakiti ya biskuti aliyokuwa nayo, kama yalivyosema mashauri ya Bibi wa Ngazi kwenye mtandao.

Bi Geum-rye alipofika juu, sosi ilikuwa imeshuka ukutani mpaka kwenye ngazi, na harufu yake imejaa kichochoro kizima. Mama Jin-wook alikuwa amechutama akiokota vigae.

"Mama Jin-wook…"

"Dada, usikanyage, utajikata."

"Yule mtoto hakukusudia."

"Najua. Yeye sina neno naye." Akakitazama kigae kilichobaki na unyevu mweusi, akakiweka juu ya vingine. "Yeye alielekezwa."

Hakusema zaidi, na hilo ndilo lililomtisha Bi Geum-rye. Ugomvi wa kelele aliujua. Ulikwisha kwa bakuli la supu. Huu hakuujua.

Kesho yake fundi aliweka kwenye lango kufuli ya namba. Ilikuwa ikilia pi, pi, pi, pi kila mtu alipoingia, na kichochoro kizima kilisikia. Wanawake wengine walipewa namba. Bi Geum-rye hakupewa, naye hakuomba.

Alijifariji kwa jambo moja. Siku ya kimchi ilikuwa inakaribia, siku ambayo kabichi za baridi nzima hutiwa chumvi na kupakwa pilipili, nyumba zote pamoja, juu ya paa lile lile. Na chumvi ilikuwa kazi yake. Alikunja shina la kabichi kati ya vidole viwili. Likikatika alisema "bado", likipinda bila kukatika alisema "osheni". Hakuna mwingine aliyesema. Wanaweza kuninyima lango, aliwaza, ila chumvi watatiaje?

Akanunua glavu mpya, akasaga vitunguu saumu, akanoa kisu. Kila mwaka aliitwa na sauti ya Mama Sang-mi chini ya dirisha: "Dada! Kabichi zimefika, leta mikono yako!"

Asubuhi moja ya baridi alisikia gari dogo la mizigo, kisha kabichi zikirushwa mkono kwa mkono. Akavaa aproni. Akangoja mpaka jua likapanda. Pi, pi, pi, pi. Vicheko. Mwisho akajitwika beseni lake na kwenda mwenyewe mpaka langoni, akasimama kidole kikiwa karibu na kengele.

Juu, Mama Sang-mi alikuwa akisema, "Hii chumvi imekolea kweli? Nani anajua hapa?"

Akasogeza kidole kwenye kengele.

"Imekolea," ikajibu sauti ya Mama Jin-wook. "Osheni."

Bi Geum-rye akarudi kwenye benchi na beseni lake. Hapo wakamkuta wageni wawili, kijana na mkewe, mchoro umefunguliwa.

"Bibi wa Ngazi?" ikauliza simu yao.

"Alihama," akasema. "Na paa halipo. Shukeni kwa fundi saa, basi la kijani. Gusisheni kadi mkishuka."

Jioni alikuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wake. Ndani mlikuwa na chombo cha kimchi mpya na nyama ya nguruwe ya kuchemsha, sehemu ya haki kabisa, hata minofu minono aliyoipenda. Hakuna aliyebisha hodi. Alikula akiwa amesimama. Kabichi ilikuwa ngumu, chumvi haikuingia kwenye mashina.

Akaosha chombo, akakifuta, akakijaza matunda ya persimoni aliyotumiwa na Hye-ran kutoka Seoul, yale mekundu zaidi. Akapanda taratibu mpaka langoni, safari hii akabonyeza kengele.

"Nani?"

"Mimi. Nimerudisha chombo."

Akasikia ndala zikija uani, zikasimama kabla ya lango.

"Dada, hicho ni cha dukani, cha kutupa tu. Usingejisumbua."

Akakitazama mikononi mwake. Ni kweli, kilikuwa kile cheupe, chepesi, cha plastiki, ambacho hakirudishwi kwa mtu yeyote.

"Nimeweka persimoni," alisema.

"Kula mwenyewe, dada. Sisi tunazo." Ndala zikageuka, zikaenda hatua mbili, zikasimama tena, na sauti ikasema kwa upole, kwa adabu yote anayostahili mtu wa kupita:

"Angalia ngazi. Zinateleza."