Mkunga wa Kojani na zamu ya usiku

Jumatatu nilipanga foleni kwenye ofisi ya ajira ya chuo kimoja hapa Pemba, chuo chenye hospitali yake, nikipeleka bahasha ya maombi ya kazi ya mpwa wangu. Mbele yangu alisimama mkunga, buibui lake limelowa maji ya bahari hadi magotini. Karani alisoma anwani kwenye bahasha yake, akaisukuma kumrudishia kwa kidole kimoja.

"Dada, unatoka kisiwani Kojani. Zamu ya usiku utafikaje na boti hakuna?"

Mkunga hakuigusa bahasha. Aliweka kidole chake kwenye tangazo la kazi pale ukutani, mstari wa mwisho. "Hapa mmeandika mtumishi atapewa nyumba."

"Nyumba ni za madaktari."

"Mbona hamkuandika? Na n'ambie, kaka: mwanamke wa Kojani akishikwa na uchungu usiku, huwa mnamuuliza atafikaje?"

Karani akatafuta muhuri wa kupokelea. Aliugonga kwa hasira, lakini aliugonga.

Kama kazi ataipata, sijui. Najua walioyaandika marupurupu chini kabisa walidhani hatusomi mpaka huko. Basi nendeni mkasome, na vidole vyenu mwende navyo.