Kizunguzungu cha Bibi

Wiki iliyopita nilikuwa kituo cha afya hapa Ibra, Oman, nangojea kupimwa presha, akaingia bibi mmoja wa mji wa Samad, mzaliwa wa Unguja, pamoja na mjukuu wake anayesoma chuo. Kiarabu cha bibi hakivuki salamu, na Kiswahili cha mjukuu ni cha kubahatisha.

"Mwambie nashikwa na kizunguzungu," bibi akasema.

Mjukuu akasita, kisha akamwambia muuguzi kwa Kiarabu kwamba bibi anataka kusemeshwa Kizungu. Muuguzi, mama wa Kihindi, akafurahi, akaanza kumhoji kwa Kiingereza.

Bibi akamkodolea macho. "Huyu ana nini? Mbona ananisemesha Kizungu?"

"Si wewe umesema, bibi?"

Bibi akainuka, akazungusha kidole juu ya kichwa chake, akayumba, akaishika kaunta. Hapo muuguzi akafahamu, akaleta kiti mbio. Presha ilikuwa imepanda sana.

Mjukuu akaanza kulia. Bibi akamfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kosa si lako. Mimi ndiye niliyewakataza wazee wako wasikusemeshe Kiswahili, usije ukachekwa skuli."

Sisi tuliorudi kutoka Afrika twalijua hilo. Tuliwahimiza watoto wakijue Kiarabu, nao wamekijua kweli. Sasa tukiugua hatuna wa kutusemea.

Bibi alipokwisha kupewa dawa, alimshika mjukuu mkono wakatoka pole pole. Nikamsikia akimwambia mlangoni, "Ijumaa uje kwangu. Tutaanza na kichwa, tushuke mpaka vidole vya miguu."