Kilima Kifupi

Mama Nukta alikuwa karani wa vipimo katika idara ya elimu ya nyota. Jina hilo alibandikwa na wenzake, maana kutwa nzima alipanga nukta kwenye kompyuta, kila nukta kipimo kimoja cha mwanga.

Mwaka huo alipewa nyota mbili zilizokaribiana hadi kutaka kugusana, zikizungukana kwa saa saba tu. Moja ikipita mbele ya mwenzake, mwanga hufifia. Zikikaa ubavu kwa ubavu, hupanda. Mchoro wake basi huwa na mabonde mawili na vilima viwili, na vilima hivyo hutakiwa kulingana.

Vyake havikulingana. Cha pili kilikuwa kifupi.

Mkuu wa idara, mtu mpole ila mwenye haraka zake, alimwambia ni makosa ya mkono. Afute nukta zilizoanguka, mchoro ulainike, ripoti iende. Mama Nukta akapima upya, akilinganisha na nyota tatu za jirani zisizobadilika. Kilima kikabaki kifupi.

"Mama, ripoti ile ina jina langu," mkuu alisema.

"Basi futa jina lako, mkuu. Nukta zangu sizifuti."

Jumatatu alihamishiwa mapokezi. Mumewe, fundi cherehani, alimsihi ajishushe kidogo. Mama Nukta akamuuliza: kiuno cha mteja kikizidi kitambaa, huwa anapunguza kiuno? Mume akacheka, yakaishia hapo.

Pale mapokezi, kati ya mgeni na mgeni, aliendelea kupanga vipimo vipya vya nyota zilezile, vilivyozidi kuingia kwenye kompyuta. Baada ya miezi minane, kilima cha kwanza ndicho kilichokuwa kifupi. Cha pili kimeinuka. Kosa la mkono halihami hivyo. Lilikuwa doa kubwa lenye giza usoni mwa nyota moja, nalo limesogea upande wa pili. Akabandika michoro yote miwili, wa zamani na mpya, kwenye ubao wa matangazo. Kufika adhuhuri wahadhiri walikuwa wamejazana pale. Mkuu alikuja, akatazama, akamuuliza Mama Nukta nani amemruhusu. Akajibiwa hakuna.

Ripoti iliandikwa upya, Mama Nukta akishukuriwa mwishoni, chini ya jina la dereva wa idara. Akairudisha. Ya pili ilimtaja kwenye tanbihi. Akairudisha. Ya tatu ilianza na jina lake, la mkuu likifuata. Akaisoma yote, akasahihisha tarakimu mbili, ndipo akatia saini. Kisha akabeba kiti chake mwenyewe kurudi chumba cha vipimo, bila kungoja barua ya uhamisho.