Mbabula mbili chini ya mlango wa Hamadi

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, mashariki mwa Kongo. Hamadi Sudi amepanda kiti, anakaza waya wa mwisho wa televisheni aliyoitundika juu ya mlango. Chini yake, nje ya kizingiti, mbabula mbili, yale majiko ya makaa, zinawaka, moja kushoto, moja kulia. Katikati amekaa Mama Françoise, muuza mikate ya mafuta, pepeo mapajani kama askari aliyenyang'anywa risasi.

"Mama, usipepee hata kidogo."

"Na mikate ikitoka mibichi, utakula weye?"

"Nitakula yote."

Ndani, mgongo ukigusa ukuta wa nyuma, amesimama Dieumerci, dereva wa pikipiki na bingwa wa kulenga chupa kwenye skrini. Amekuja na ujumbe wa madereva wenzake: kishale cha skrini kikitulia, mashindano ya Jumamosi yatafanyika hapa. Kikitetemeka, yanahamia ukumbi mpya wa sokoni, na wateja wa Hamadi watayafuata.

Hamadi, mwenye miaka arobaini na sita, anaishi kwa chumba hiki cha michezo ya video. Zamu ni faranga mia tano. Mchezo unaopendwa hautaki vitufe vingi: unashika maneti, ile rimoti ya mkononi, unailekeza kwenye skrini, na kishale kinafuata mkono wako. Angalau ndivyo katoni inavyodai.

Miezi ya karibuni kishale kilianza kurukaruka.

"Nikasema ni betri, nikabadilisha. Nikasema maneti imezeeka, nikaagiza ingine Goma," anasimulia. "Kisha nikasema Dieumerci ndiye amelewa."

"Na miye sinywi pombe!" Dieumerci anadakia. Majirani waliopo wanatazama dari.

Jumapili asubuhi, hata hivyo, kishale kilitulia tuli. Wachezaji wakasema maneti imeokoka. Hamadi alikuna kichwa mpaka alipotambua nani hayupo Jumapili asubuhi: Mama Françoise, aliye kwenye misa.

Maneti ina jicho dogo mbele. Jicho hilo halioni skrini. Linatafuta taa mbili zisizoonekana kwa macho yetu, zilizomo kwenye kijiti kinachowekwa karibu na televisheni. Likiziona zote mbili, linajua mkono umeelekea wapi. Wakati huo televisheni ilikuwa kando ya mlango, na makaa ya Mama Françoise, yaliyoanza kung'aa barazani miezi hiyohiyo, yakawa taa ya tatu. Kila alipopepea, kishale kilikimbilia mikate kama chenye njaa.

Hamadi alifunga mlango. Joto la bati likawatoa wachezaji. Akatundika kitenge, jicho likapenya. Ikabaki dawa iliyotajwa na kila mtu.

"Nilimwambia, Ya Hamadi, mama aende ngambo ya barabara," Dieumerci anasema. "Kule kuna jua, kuna mvua, sikatai. Lakini mchezo ni mchezo."

Mama Françoise mwenyewe alishaanza kufungasha. "Nilimuona anakonda. Nikasema, mutoto wangu, basi naondoka." Hamadi alimpokonya karai la kukaangia.

Sababu iko mtoni. Mwaka 2002, mji ulipozingirwa vitani, treni ikaacha kufika, Hamadi alikuwa kijana mpiga kasia. Alfajiri alivuka mto Lualaba kutoka Alunguli, ng'ambo ya pili, na mihogo ya watu. Ukungu wa mwaka ule, ukimsikiliza, mtu aliweza kutundika kofia juu yake asubuhi na kuikuta jioni. Mkondo ulisukuma mitumbwi chini, kwenye watu wenye bunduki. Wenzake kadhaa hawakurudi.

"Moto moja unaweza kuwa wa mutu yeyote," anasema, na sasa hatanii. "Wa muvuvi, wa askari. Lakini Mama alikuwa anawasha mbili, huku na huku ya njia ya kupandia. Nikiona zinakaribiana, najua mutumbwi umepotea njia. Naurudisha mpaka ziachane vizuri."

"Makaa hayakuwepo," Mama Françoise anaongeza. "Nilichoma kitanda."

"Kitanda gani?" Hamadi anauliza.

"Changu na cha marehemu. Mutu arudi nyumbani. Kulala chini ni nini?"

Siku ile ya kufungasha, akiwa na karai lile mkononi, Hamadi alianza kucheka peke yake. Akachomoa kijiti cha taa; kazi yake ingefanywa na mioto miwili. Akapandisha televisheni juu ya mlango, akamwomba mama alete mbabula ya pili. Kila moja aliikinga kwa mkebe wa maziwa wenye tundu upande wa ndani, ili jicho lione nukta tu. Kwa kuwa mioto imeachana kuliko zile taa, mchezaji husimama nyuma kabisa. Na mnunuzi wa mikate akitaka kukatiza mlangoni hupaza sauti kwanza: "Napita!"

Mashindano yakifanyika hapa, Hamadi anataka kuongeza bati la baraza. "Mvua ikizima moto moja, tumepotea wote."

Dieumerci anainua maneti. Kishale kinatokea, kinayumba kidogo, kisha kinatua kwenye shingo ya chupa na kukaa hapo kama inzi kwenye asali. Mama Françoise amebana pepeo kwapani. Chupa inavunjika. Ya pili nayo. Ya tatu.

"Mama," Dieumerci anasema, macho bado kwenye skrini, "Jumamosi usiende popote."

"Na mikate yangu?"

"Tutakula mibichi."