Sufuri Niliyoiandika kwa Wino Mwekundu

Wasomaji wangu, Jumanne asubuhi karani wa shule nilikowahi kufundisha alinipigia simu kuniambia kwamba mwalimu wa kemia amefariki. Alikuwa nyumbani kwake Rejaf, nje kidogo ya Juba, amemaliza kunywa chai, akajilaza kidogo na hakuamka tena. Miaka saba tulikaa meza moja katika chumba cha walimu, huku mjini, mtaa wa Jebel, mimi nikifundisha hisabati na kumsaidia kusahihisha mitihani yake. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Yeye alikulia katika kambi ya wakimbizi Uganda na mimi ni Mkenya, na kila nilipofungua mdomo alinicheka kwamba Kiswahili changu kimevaa tai. Hata hivyo simu ilipokatika nilikaa kitandani nikalia, na sababu yake sijawahi kuiandika hapa.

Mwaka mmoja shule ilipata nafasi moja ya mwanafunzi kwenda kusoma chuo Kampala. Tukatunga mtihani wa kumchagua. Mwalimu yule aliweka swali lake mwenyewe: jedwali la namba zinazoonyesha kasi ambayo gesi ya oksidi ya nitrojeni huungana na oksijeni katika viwango mbalimbali vya joto. Mwanafunzi achore grafu, kisha akokotoe nishati inayohitajika kuuamsha mmenyuko. Sasa, kila aliyepita sekondari anajua kwamba ukiongeza joto, mmenyuko huenda mbio zaidi. Tumeliimba hilo tangu tukiwa na kaptura. Na shuleni kwetu kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeionea aibu: vifaa ni vibovu, kemikali zimepitwa na wakati, basi majibu ya maabara yakikataa kufanana na kitabu, mwanafunzi huyanyoosha kidogo mpaka yafanane, na mwalimu hujifanya hakuona. Siku ya mtihani karibu wote walifanya hivyohivyo. Waliona namba zinapungua joto likipanda, wakadhani jedwali limepigwa chapa kinyume, wakaligeuza. Msichana mmoja tu ndiye aliyeacha mstari wake ushuke kadiri joto lilivyopanda, na mbele ya jibu lake la nishati akaweka alama ya kutoa. Nikampa sufuri. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: haiwezekani.

Mwalimu alinijia na karatasi ile mkononi. Hakupandisha sauti. "Ustaz, mimi iko na swali moja tu," alisema. "Wewe ilisahihisha namba, ama ilisahihisha kitabu?" Kisha akanieleza taratibu, kwa penseli, nyuma ya daftari langu. Gesi ile ni radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake, na molekuli za namna hiyo haziwezi kutulia. Zikikutana hazihitaji kusukumwa na joto ili zianze kuungana, zinashikana zenyewe. Ila mwanzoni zinashikana kilegevu, na zinahitaji muda mfupi kabla ya oksijeni kufika na kuikamilisha kazi. Ukizidisha joto zinatikisika, zinaachana kabla hazijafika mwisho, na mmenyuko mzima unapungua kasi. Ndiyo maana hesabu inatoa nishati iliyo chini ya sufuri. Msichana alikuwa sahihi kabisa.

Nilimwelewa palepale, na bado nikakataa. Kwa taratibu zetu alama haibadilishwi bila sahihi ya aliyeiweka kwanza, na mimi nilikuwa nimekwisha kujigamba mbele ya walimu wengine kuhusu kosa la binti yule. Niliona haya, basi, wala hapakuwa na sababu nyingine. Alirudi siku ya pili akaiweka karatasi ile mezani mbele yangu. Siku ya tatu akaja tena, akaniambia kwamba mkuu wa shule anapanda ndege ya Entebbe adhuhuri hiyo akiwa na jina la mwanafunzi mwingine mfukoni. Nikatia sahihi. Alipanda bodaboda mpaka uwanja wa ndege, akamkuta mkuu kwenye mstari wa kukagua mizigo, na jina likabadilishwa hapohapo juu ya sanduku la mtu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiona sufuri yangu kila mahali mjini hapa. Naiona katika ripoti zinazoandikwa kabla mtu hajafika kijijini kuona, na katika mikutano ambayo bosi anasema mambo yanakwenda vizuri na sisi sote tunatafuta namba za kumfurahisha. Tunamwadhibu anayeandika alichokiona, halafu tunashangaa kwamba hakuna anayetuambia ukweli. Mimi nimefanya hivyo, tena nikiwa na shahada ukutani.

Jumamosi tulimzika Rejaf. Binti yule, ambaye sasa ni mwalimu wa kemia hapahapa Juba, alisimama kuzungumza. Alisema kuna mtu aliyewahi kumpa sufuri ambayo ingemnyima chuo, na kwamba kila alipomuuliza marehemu mtu huyo ni nani, alijibiwa kwamba huyo mtu alisharekebisha, yatosha. Miaka yote ile alinificha, na kila siku alinisalimu kama kawaida. Nilisimama. Nikasema mbele ya mjane, mbele ya walimu wenzangu na watu wa kanisa, kwamba ni mimi, na kwamba niliijua haki ya binti huyo siku mbili nzima kabla ya kutia sahihi. Binti hakutabasamu. "Basi, ustaz," akasema, "utakuja darasani kwangu uwaambie wao."

Nitakwenda Jumatatu, saa mbili asubuhi. Nitawachorea mstari unaoshuka, nitawaambia ni nani aliyeuita kosa, kisha nitawaomba wasinyooshe namba hata moja kwa ajili ya mwalimu yeyote, nikiwemo mimi.